Kwa Jinsi Zake: Nyoka Wanaofanana na Historia ya Kupambanua Spishi

Utangulizi

Katika madarasa ya Agano la Kale, tunapoifikia Mwanzo 1:24-25, swali moja hurudi mara kwa mara. Ikiwa Mungu aliumba kila kiumbe kwa jinsi yake, inakuwaje wanasayansi waseme leo kwamba nyoka waliohesabiwa kuwa spishi moja ni spishi mbili, au hata tano, na kwamba wengine waliopewa majina matatu kumbe ni nyoka mmoja? Wako wanaoyatumia mabadiliko hayo kuidharau sayansi, wakisema kwamba anayebadili majina kila siku hajui analolisema. Wako pia wanaoyatumia mabadiliko hayohayo kuyadharau Maandiko, wakidai kwamba neno "jinsi" limekwisha kupitwa na wakati.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili hazijaitazama kazi yenyewe. Historia ya kuwapambanua nyoka wanaofanana ni historia ya hukumu zinazotolewa kwa ushahidi, na hukumu hizo huweza kusahihishwa mashahidi wengine wanapojitokeza. Tena si mchezo wa wasomi. Kuna mahali ambapo jina lililokosewa limegharimu maisha ya watu.

1. Mwana wa mchungaji na nyoka wa Uswidi

Carl Linnaeus alizaliwa mwaka 1707 kusini mwa Uswidi, katika nyumba ya mchungaji wa Kilutheri. Wazazi wake walitumaini kwamba naye angekuwa mchungaji, lakini moyo wake ulivutwa na mimea. Mwaka 1735 alichapisha toleo la kwanza la kitabu chake, Systema Naturae. Toleo la kumi, la mwaka 1758, ndilo ambalo hata leo wataalamu wanalihesabu kuwa mwanzo wa majina halali ya wanyama. Msimamo wake wa awali ulikuwa wazi: spishi zilizopo ni zilezile ambazo Muumba alizifanya hapo mwanzo, na kazi ya mtaalamu ni kuzitambua na kuziorodhesha.

Kwa upande wa nyoka, Linnaeus alichagua njia rahisi yenye busara. Alihesabu magamba mapana ya tumboni na yale yaliyo chini ya mkia, akaziandika hesabu hizo mbili pamoja na jina la nyoka. Faida ya njia hii ni kwamba haitegemei hisia za mtazamaji. Anayehesabu Uppsala na anayehesabu London wanaweza kulinganisha kazi zao wasipate kuonana. Zaidi ya miaka 250 imepita, na bado mtaalamu anayeletewa nyoka asiyemfahamu huanza kwa kuhesabu magamba.

Hata hivyo, nyumbani kwake mwenyewe Linnaeus alinaswa na rangi. Uswidi ina spishi moja tu ya nyoka mwenye sumu. Linnaeus alimpa majina matatu: Coluber berus na Coluber chersea mwaka 1758, kisha Coluber prester mwaka 1761. Yule wa pili alikuwa mwekundu-kahawia, na yule wa tatu mweusi. Baadaye ilidhihirika kwamba madume wa nyoka huyu huelekea kuwa wa kijivu, majike huelekea kuwa wa kahawia, na baadhi yao, madume kwa majike, huwa weusi kabisa. Jina la kwanza ndilo lililobaki, leo likisomeka Vipera berus, na yale mengine mawili yakawekwa kando.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Linnaeus hakubaki alipoanzia. Alipoletewa mimea ambayo maumbile yake hayakuingia katika mpango wake, alianza kukiri katika maandiko yake ya baadaye kwamba huenda spishi mpya zimetokea kwa mimea kuchanganyika. Imani yake kwa Muumba haikuondoka. Kilichoondoka ni uhakika wake kwamba orodha iliyo mezani pake ni ileile iliyo mkononi mwa Mungu.

2. Koboko na mwenzake wa kijani

Kosa la Linnaeus lilikuwa kugawanya palipo na mmoja. Kosa la pili, la kuunganisha palipo na wawili, linaonekana vizuri katika historia ya nyoka wawili wa Afrika Mashariki na Kusini. Wa kwanza ni koboko, ambaye lugha za Ulaya zinamwita "mamba mweusi", kwa neno lililotoka kwa Wazulu, wala halihusiani na mamba wa mtoni. Wa pili ni ndugu yake wa mitini, ambaye hapa tutamwita koboko wa kijani.

Koboko wa kijani aliandikwa kwanza mwaka 1849 na Andrew Smith, daktari wa jeshi kutoka Uskoti aliyefanya kazi Afrika ya Kusini. Koboko mwenyewe aliandikwa mwaka 1864 na Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza mjini London. Günther alikuwa Mjerumani wa Württemberg, na jamaa zake walimpeleka Tübingen kusomea teolojia ili awe mchungaji wa Kilutheri, kabla hajageukia udaktari na elimu ya wanyama. Nyoka aliyemtumia alikuwa mmoja tu, aliyekusanywa na Daktari John Kirk katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi. Ni Kirk huyuhuyu aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, na ambaye alihusika na mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa. Günther alimwita nyoka huyo polylepis, yaani "mwenye magamba mengi".

Mwaka 1896 George Albert Boulenger, mtaalamu mkubwa wa nyoka katika makumbusho hayohayo, alitoa juzuu la tatu la orodha yake ya nyoka. Humo aliwaunganisha koboko wawili hawa kuwa spishi moja. Kwa kuwa neno lake lilikuwa na uzito mkubwa, hukumu hiyo ilidumu kwa miaka 50. Tusimcheke. Nyoka aliyehifadhiwa katika spiriti hupoteza rangi yake, na kijani ndiyo hutangulia kupotea. Isitoshe, watoto wa koboko huwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, kwa hiyo haikuwa ajabu kufikiri kwamba koboko wa kijani ni kijana na koboko wa kijivu ni mzee wake.

Mwaka 1946 Vivian FitzSimons wa Afrika ya Kusini aliwatenga tena. Ushahidi unaowatenga unafaa kutajwa mmoja mmoja, kwa maana ndio unaoonyesha jinsi kazi hii inavyofanyika. Ukihesabu safu za magamba katikati ya mwili, koboko kwa kawaida ana safu 23 hadi 25, na yule wa kijani ana 17 hadi 21, mara nyingi 19. Magamba ya tumbo la koboko huzidi 235, na ya mwenzake hayafiki idadi hiyo. Ndani ya kinywa koboko ni mweusi, mwenzake ni mweupe. Koboko hufika urefu wa mita tatu na zaidi, mwenzake ni wa mita mbili hivi. Koboko ni wa nyika na vichaka, na hutembea sana chini. Mwenzake ni wa misitu na miembe ya pwani, na hukaa juu.

Hapa ndipo tunapokutana na swali lenyewe la kitaalamu. Swali si kama nyoka wawili wanatofautiana, kwa kuwa hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Swali ni kama kati yao kuna pengo lisilojazwa na mtu wa katikati. Katika nyoka wa Uswidi, ukikusanya wengi wa kutosha, utapata ngazi kamili kutoka kijivu hadi kahawia, na mweusi na wa kijivu utawakuta katika uzao mmoja. Katika makoboko, kadiri ulivyokusanya wengi zaidi, ndivyo pengo lilivyozidi kuonekana, tena alama zote zilikwenda pamoja: mwenye safu nyingi ndiye mwenye kinywa cheusi, na ndiye wa nyikani. Alama moja ikipishana inaweza kuwa bahati tu. Alama tano zisizotegemeana zinapokubaliana, hakimu mwenye haki hana budi kusikiliza.

3. Kipimo cha uzazi na mipaka yake

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alidokeza kwamba mpaka kati ya aina ndogo na spishi kamili hauko wazi kama wengi walivyodhani. Kama ni hivyo, mpaka uwekwe wapi? Jibu lililopata wafuasi wengi lilitolewa mwaka 1942 na Ernst Mayr, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani. Alisema kwamba spishi ni jamii za viumbe wanaozaana wao kwa wao katika hali ya asili, na ambao hawazaani na jamii nyingine za namna hiyo. Kwa kipimo hiki, makoboko wetu wawili wanajieleza wenyewe: katika sehemu za pwani wanaishi jirani, na bado kila mmoja anabaki kuwa yeye.

Mayr alikuwa amejifunza jambo jingine akiwa kijana, katika milima ya New Guinea mwishoni mwa miaka ya 1920. Wenyeji wa huko walikuwa na majina 136 ya ndege, na yeye kwa vipimo vyake alihesabu spishi 137. Walitofautiana katika ndege wanaofanana sana tu. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba spishi haikubuniwa ofisini. Watu wasio na darubini wala makumbusho, lakini wanaoishi na viumbe hao kila siku, wanayaona mapengo yaleyale. Msomaji wa Kiafrika hatashangaa, kwa maana wazee wetu hawakuhitaji mtu wa mbali awaambie kwamba swila si koboko wala kifutu si chatu.

Lakini kipimo cha uzazi kina mipaka yake. Nyoka aliye katika chupa hazai. Nyoka wa mlima mmoja na nyoka wa mlima mwingine, ambao kati yao kuna nyika wasiyoweza kuivuka, hawakutani kamwe, na hatuwezi kujua wangefanya nini kama wangekutana. Ukiwafungia pamoja katika banda, huenda wakazaa machotara ambao porini wasingezaliwa, na jambo hilo limeonekana kwa nyoka wengi wanaofugwa. Kwa hiyo, palipo na utengano wa mahali, mtaalamu hulazimika kurudi kwenye magamba, au kutafuta shahidi mwingine.

4. Swila mkubwa wa Watamu na shahidi wa nasaba

Shahidi huyo alipatikana katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wataalamu walipoweza kusoma DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe hai. Mfano ulio karibu nasi ni wa pwani ya Kenya. Tangu mwaka 1843 swila anayetema sumu wa nchi nyingi za Afrika alijulikana kwa jina la Naja nigricollis. Katika pwani na sehemu kavu za Kenya walionekana swila wa kahawia, wakubwa sana, wengine wakizidi mita mbili na nusu. Vitabu viliwahesabu kuwa rangi nyingine ya swila huyohuyo. James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka huko Watamu, alishuku tangu miaka ya 1960 kwamba hao ni wengine. Kushuku hakutoshi kutoa jina, na Ashe alifariki mwaka 2004 kabla jambo hilo halijaamuliwa.

Mwaka 2007 Wolfgang Wüster wa Wales na Donald Broadley wa Zimbabwe walichapisha uamuzi. Walikuwa na hesabu za magamba, rangi, na DNA ya mitokondria. DNA ilitoa jambo ambalo macho yasingeweza kulitoa: swila mkubwa wa kahawia si ndugu wa karibu wa Naja nigricollis ambaye alihesabiwa pamoja naye, bali yuko karibu zaidi na swila wa Msumbiji, Naja mossambica. Alipewa jina Naja ashei kwa heshima ya Ashe. Kufanana kwa nje kulikuwa kumeficha nasaba.

Je, basi, DNA imewafuta mashahidi wengine? La. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo husimulia upande mmoja tu wa ukoo. Nyoka wa spishi mbili wakichanganyika hata mara moja zamani za kale, DNA hiyo inaweza kuvuka mpaka na kumdanganya msomaji. Ndiyo maana swila wa misituni, Naja melanoleuca, alipochunguzwa upya, wataalamu walisoma pia DNA ya kiini cha chembe, inayotoka kwa wazazi wote wawili, wakaiweka pamoja na hesabu za magamba na rangi. Uamuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulitambua spishi tano mahali palipokuwa na moja. Swila wa misituni wa Afrika Mashariki sasa huitwa Naja subfulva, jina ambalo Raymond Laurent alikuwa amelitoa mwaka 1955 kwa aina ndogo tu. Jina lilikuwepo, likawa linangoja ushahidi.

Wataalamu bado wanabishana. Wako wanaopenda kugawanya na wako wanaopenda kuunganisha, na hakuna tarakimu ya DNA ambayo ikifikiwa basi spishi mbili zimethibitika. Lakini utaratibu wenyewe umekubalika: mashahidi wawe zaidi ya mmoja, wasitegemeane, na nyoka aliyetumika kutoa jina ahifadhiwe mahali ambapo mwingine anaweza kwenda kumkagua na kupinga.

5. Jina na uhai wa jirani

Mtu anaweza kuuliza: hayo yanamhusu nini mkulima aliyeumwa akipalilia shamba? Yanamhusu sana. Katikati ya miaka ya 1890 Mfaransa Albert Calmette alitengeneza dawa ya sumu ya nyoka kwa kutumia damu ya wanyama waliozoezwa sumu ya swila wa Asia. Alidhani kwamba dawa hiyo ingefaa kwa nyoka wote. Miaka michache baadaye daktari Vital Brazil wa São Paulo alionyesha kwamba haikuwafaa watu walioumwa na nyoka wa nchi yake. Dawa hufuata sumu, na sumu kwa sehemu kubwa hufuata spishi.

Somo hilo lilisahauliwa kwa gharama kubwa. Kuna nyoka wadogo wa jamii ya kifutu, wenye jenasi iitwayo Echis, ambao husugua magamba yao hadi kutoa mlio kama wa msumeno. Wanaishi kuanzia Afrika Magharibi, kupitia kaskazini mwa Kenya na Arabuni, hadi India. Kwa muda mrefu wengi wao waliitwa kwa jina moja, Echis carinatus, jina la nyoka wa India. Leo wametambuliwa kuwa spishi zaidi ya kumi, na sumu zao hazilingani. Hata hivyo, dawa zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India ziliuzwa Afrika, na jina pana la zamani liliwafanya wanunuzi wadhani kwamba nyoka ni yuleyule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza yaliyotokea katika hospitali moja ya vijijini nchini Ghana baada ya dawa iliyozoeleka kubadilishwa na nyingine iliyotengenezwa India: vifo vya walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1.

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliweka kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi wao ni maskini wa vijijini. Hao ndio wanaozijaza zahanati na hospitali za makanisa yetu.

6. Tafakari ya kitheolojia

Sasa turudi kwenye Mwanzo. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "jinsi" ni min. Neno hilohilo linatumika katika Mambo ya Walawi 11 kwa mwewe, kunguru na nzige, pasipo kutuambia mwewe wako wa aina ngapi. Maandiko yanashuhudia kwamba utofauti wa viumbe unatoka kwa Mungu na kwamba ni mwema. Hayatupi orodha, wala hayatupi kipimo cha kuitengenezea orodha. Anayelichukua neno min akalifanya lilingane na spishi ya Linnaeus anaifunga Biblia kwenye kitabu cha mwaka 1758, kitabu ambacho mwandishi wake mwenyewe alikuja kukitilia mashaka.

Aidha, katika Mwanzo 2:19-20 Mungu anawaleta wanyama kwa mwanadamu ili aone atawaitaje. Utaratibu wa tendo hilo una maana. Kwanza kiumbe, kisha kumtazama, kisha jina. Mwanadamu hamfanyi kiumbe awepo kwa kumpa jina. Anamwitikia yule ambaye Mungu amekwisha kumfanya. Luther, katika mihadhara yake juu ya Mwanzo, alifundisha kwamba Adamu aliweza kutoa majina yanayofaa kwa sababu alizijua tabia za wanyama mara alipowatazama, na kwamba ujuzi huo ulipotea kwa anguko. Kama ndivyo, basi sisi tulio nje ya bustani hatuna njia ya mkato. Tunahesabu magamba, tunalinganisha, tunasoma DNA, na tunarudi kusahihisha. Kusahihisha huko si aibu ya sayansi. Ni unyenyekevu unaomfaa kiumbe anayeijua kazi ya Muumba wake kwa sehemu tu. Torati inakataza mtu kuhukumiwa kwa shahidi mmoja (Kumbukumbu la Torati 19:15). Wanasayansi wamefika kwenye kanuni inayofanana na hiyo kwa njia ndefu ya makosa yao, na hatuna sababu ya kuwabeza.

Hatimaye, katika Katekisimo Ndogo Luther anaieleza amri ya tano kuwa haitukatazi kuua tu, bali inatuagiza kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili. Kutoka juuzuu la Boulenger hadi kitanda cha mgonjwa hakuna umbali mkubwa kama tunavyodhani. Mchungaji hatakiwi kuwa mtaalamu wa nyoka. Anatakiwa asiwafundishe waumini kuidharau kazi inayoamua kama dawa iliyo kabatini itamponya aliyeletwa usiku. Anatakiwa pia, awapo katika kamati ya hospitali ya dayosisi, aweze kuuliza swali moja jepesi: dawa hii ilitengenezwa kwa sumu ya nyoka gani, wa nchi gani?

Huko ndiko kutaja majina kwa Adamu kunakoendelea kati yetu. Jina la kweli humtumikia kiumbe aliyeumbwa na jirani aliyeumwa, na wote wawili ni wa Mungu.